MVUVI NA KAZI YAKE: Chambo Kinachong'aa Bila Betri

Usiku wa giza baharini una mambo yake. Ukipiga kasia, maji humetameta. Ukitia mkono majini, vidole huonekana kama vimepakwa nuru. Samaki akipita chini ya ngalawa, huacha mstari wa mwanga nyuma yake.

Wazee wetu wa pwani waliyaona hayo tangu zamani. Mwanga huo hautoki mwezini, wala hautoki kwenye nyota. Hutolewa na viumbe wadogo sana wanaoelea majini. Viumbe hao wakisukumwa huwaka mara moja, kisha huzimika.

Samaki wakubwa wanaujua mwanga huo. Kwao, mwanga mdogo unaokwenda gizani ni habari. Maana yake ni kwamba kuna kitu kinachotembea hapo, na huenda kinalika.

Mwezi huu tutazungumza juu ya chambo cha bandia kinachong'aa bila betri. Tutaeleza kinavyofanya kazi na kinavyotengenezwa. Kisha tutaeleza namna ya kukijaribu kabla ya kukiamini.

Jambo moja lishike tangu sasa. Mwanga peke yake hauvui samaki. Chambo kizuri ni kile kinachofanana na chakula ambacho samaki anakitafuta usiku ule, mahali pale. Mwanga humsaidia tu kukiona.

KWA NINI BILA BETRI?

Madukani zipo taa ndogo za betri za kufunga karibu na ndoana. Taa hizo hufanya kazi, lakini zina gharama. Betri huisha. Maji ya chumvi yakiingia, taa hufa. Mshipi ukikatika mwambani, taa na betri hubaki chini ya bahari, na betri ikioza hutoa sumu yake huko.

Mvuvi wa mshipi huhesabu kila shilingi. Akinunua betri kila wiki na samaki wasiongezeke, fedha hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye unga wa nyumbani. Inatoka kwenye daftari la mtoto.

Tena kuna gharama ya chambo chenyewe. Kibua unachokikata kuwa chambo ni kibua kisichoingia chunguni, wala kisichouzwa. Chambo cha bandia hakiliwi kikaisha. Kisipopotea, hutumika usiku baada ya usiku.

WATU WA MBALI WALIFANYAJE?

Mashariki ya mbali, katika nchi ya Indonesia, kuna visiwa vinavyoitwa Banda. Karibu na visiwa hivyo wako samaki wadogo wenye mfuko wa mwanga chini ya kila jicho. Ndani ya mfuko huo wanaishi vijidudu vidogo sana ambao huwezi kuwaona kwa macho. Vijidudu hao ndio wanaotoa mwanga.

Wavuvi wa Banda waligundua jambo la maana. Waliukata mfuko ule na kuutia kwenye ndoana yao. Samaki mwenyewe amekufa, lakini mfuko wake uliendelea kung'aa kwa saa nyingi. Hiyo ilikuwa taa ya mvuvi, na haikununuliwa dukani. Jamaa ya samaki hao wako pia Bahari ya Shamu na kwenye visiwa vya Ngazija.

Wavuvi wa mji wa Sesimbra, nchini Ureno, walikuwa na njia yao. Walimkamata samaki wa maji ya kina mwenye majimaji yanayong'aa tumboni. Walichukua kipande cha nyama ya papa mdogo, wakakisugua kwa majimaji yale. Nyama ikang'aa. Mwaka 1912 mtaalamu wa Ureno aliandika habari za chambo hicho. Nuru ile hutoka kwa vijidudu.

Watu wa visiwa vya Bahari ya Pasifiki nao walichonga chambo kutokana na ganda la chaza. Upande wa ndani wa ganda hilo hung'aa kama samaki mdogo. Walilifunga ndoana, wakalikokota nyuma ya mtumbwi. Samaki jamii ya jodari walilirukia, ingawa halikuwa na nyama hata kidogo. Chambo hicho hakitoi mwanga wake. Hurudisha mwanga wa jua, kama kioo.

Unaona, ndugu msomaji? Watu hao hawakukutana. Lakini kila mmoja aliitazama bahari yake, akajiuliza: samaki huyu anaona nini anapotafuta chakula?

UNGA UNAOTUNZA MWANGA

Siku hizi upo unga unaong'aa gizani. Huuzwa pamoja na rangi, na pia hutiwa katika plastiki za vyambo vya dukani.

Unga huu hufanyaje kazi? Fikiri juu ya mafiga ya jikoni. Moto ukiwaka, mawe hupata joto. Ukiutoa moto, mawe hayapoi papo hapo. Hutoa joto polepole, hata baada ya chakula kuliwa. Unga huu ni kama mafiga, lakini haushiki joto, hushika mwanga. Uweke juani au mbele ya taa, nao utakula mwanga. Uingize gizani, nao utautoa mwanga ule kidogo kidogo.

Unga wa zamani ulitengenezwa kwa zinki na salfa. Ulififia upesi. Mwaka 1993 wataalamu wa Japani walipata unga mpya. Huo umetengenezwa kwa madini ya strontiamu na alumini, pamoja na madini mengine adimu kwa kiasi kidogo sana. Unga mpya hung'aa zaidi, na mwanga wake hukaa kwa saa nyingi.

Hata hivyo usidanganyike. Dakika za mwanzo unga hung'aa sana. Baadaye mwanga hufifia, ukabaki mdogo kwa muda mrefu. Kwa hiyo mvuvi hana budi kuulisha mwanga tena. Kama chombo chako kina taa ya kazi, sogeza chambo karibu na taa hiyo kwa dakika chache kila unapokitoa majini. Hiyo ndiyo taa uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Hukununua nyingine.

Unga wa kawaida hutoa mwanga wa kijani. Upo pia wenye mwanga wa buluu. Rangi hizo zinafaa baharini. Katika maji ya bahari rangi nyekundu hupotea kwanza unapokwenda chini. Buluu na kijani huenda mbali zaidi. Hata viumbe wengi wa baharini wanaong'aa hutoa mwanga wa buluu au wa kijani.

PASUA TUMBO KWANZA

Kabla ya kushika kisu na kipande cha mti, fanya kazi moja. Tazama ndani ya tumbo la samaki unaowavua. Au muulize mama anayepaa samaki pale ufukweni. Yeye anajua mambo mengi ambayo mvuvi hayajui, kwa sababu kila siku anaona walichokula.

Je, wamekula simu? Wamekula ngisi wadogo? Wamekula kamba? Pima urefu wa kile ulichokikuta. Kama ni samaki wa urefu wa kidole, chonga chambo cha urefu wa kidole. Usichonge kikubwa kama kiganja kwa tamaa ya samaki mkubwa.

Tazama pia rangi. Samaki wengi wadogo wana mgongo mweusi na tumbo jeupe. Hiyo ndiyo nguo yao ya kujificha. Adui akitazama kutoka juu, mgongo mweusi unafanana na maji ya chini. Adui akitazama kutoka chini, tumbo jeupe linafanana na mwanga wa juu. Kwa hiyo chambo chako kisiwe chote kinang'aa kama taa ya karabai. Samaki mdogo hang'ai hivyo. Mstari mwembamba ubavuni, tumbo lenye nuru ndogo, na nukta moja ya jicho vinatosha.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Vitu unavyohitaji ni hivi:

Kipande cha mti mkavu mwepesi. Kisu na msasa. Waya usioshika kutu upesi. Uzi imara na gundi isiyoyeyuka majini. Rangi nyeupe ya mafuta na rangi nyeusi kidogo. Unga unaong'aa gizani. Vanishi isiyo na rangi, ya mafuta, si ile ya kuchanganya na maji. Ndoana moja.

Sasa fuata hatua hizi.

1. Chonga mti uwe na umbo la samaki mdogo. Kichwa kiwe kinene kidogo, mkia mwembamba. Lainisha kwa msasa.

2. Chimba mfereji mdogo tumboni, kutoka kichwani hadi mkiani. Laza waya ndani yake. Kunja waya uwe kitanzi mbele na kitanzi nyuma. Tia gundi, kisha funga kwa uzi. Mshipi utafungwa kitanzi cha mbele, na ndoana itafungwa kitanzi cha nyuma. Hivyo hata samaki akivunja mti, ndoana haitatoka, maana inashikwa na waya.

3. Paka rangi nyeupe mwili mzima. Acha ikauke kabisa. Usiiruke hatua hii. Juu ya rangi nyeupe unga hung'aa vizuri. Juu ya rangi nyeusi nuru yake humezwa.

4. Changanya kijiko 1 cha unga na vijiko 3 vya vanishi. Koroga mara kwa mara, maana unga huzama chini.

5. Paka mchanganyiko huo tumboni, kisha chora mstari wa ubavuni. Acha ukauke. Rudia mara 2 au 3.

6. Paka mgongo rangi nyeusi. Weka nukta ya jicho kwa mchanganyiko wa unga.

7. Paka vanishi tupu mwili mzima, mara 2. Hii ni nguo ya kuzuia maji. Unga huu mpya huharibiwa na maji yakiufikia. Mvuvi anayeacha hatua hii atapata chambo kizuri kwa siku chache, kisha nuru itakufa.

Kama unga haupatikani kwenu, usikate tamaa. Kipande cha ganda la chaza kilichosuguliwa vizuri, au mkono wa kijiko cha zamani uliong'arishwa, hurudisha mwanga uliopo. Vitu hivyo hufaa mchana na alfajiri. Unga hufaa zaidi usiku wa giza na katika maji ya kina. Mchana mweupe karibu na uso wa maji, unga ni sawa na mshumaa juani.

KITEMBEE KAMA SAMAKI

Chambo kilichokaa kimya hufanana na kijiti. Funga chubwi kwenye mshipi, mbele ya chambo, kwa umbali wa mkono mmoja. Hivyo chambo kitakuwa huru kucheza. Teremsha hadi kina unachotaka. Vuta kidogo, kisha acha. Vuta tena, kisha acha. Samaki mdogo aliyeumia huenda hivyo. Mara nyingi samaki mkubwa hushika wakati ule chambo kinapoanguka. Kwa hiyo usilegeze mshipi mpaka ukapoteza hisia ya mkono.

JARIBU, HESABU, ANDIKA

Hapa ndipo elimu yako ya kusoma na kuandika inapokuwa chombo cha kazi, kama kasia.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Usitupe chambo chako cha zamani kwa sababu umesikia habari za chambo kipya. Wala usinunue unga mwingi kwa sababu muuzaji anausifu. Jaribu kwanza.

Chonga vyambo viwili vilivyo sawa kwa umbo na ukubwa. Kimoja kiwe na unga, kingine kiwe na rangi nyeupe tu. Tumia mishipi miwili, ndoana sawa, chubwi sawa, kina sawa. Usiku wa kwanza weka chenye nuru upande wa kulia wa chombo. Usiku wa pili kihamishie kushoto. Fanya hivyo usiku 10.

Katika daftari piga mistari, upate nafasi nne. Nafasi ya kwanza andika tarehe. Ya pili andika hali ya mwezi: giza, au mbalamwezi. Ya tatu andika idadi ya samaki wa mshipi wenye nuru. Ya nne andika idadi ya samaki wa mshipi usio na nuru. Baada ya usiku 10, jumlisha.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme mshipi wenye nuru umepata samaki 23, na usio na nuru umepata 21. Tofauti ni 2. Tofauti ndogo hivyo yaweza kuwa bahati. Usitoe fedha zaidi. Lakini tuseme wenye nuru umepata 31, na mwingine 14. Tofauti ni 17. Hapo una sababu ya kuendelea.

Halafu fanya hesabu ya pili. Andika bei ya unga na vanishi. Andika bei ya betri au chambo unachonunua kwa mwezi. Ipi ni kubwa? Jibu litatoka kwenye daftari lako mwenyewe, wala si kwenye maneno ya watu.

TAHADHARI

Kwanza, unga huu ni vumbi. Usiuvute puani. Funga kitambaa mdomoni na puani unapoupima. Waweke watoto mbali, na osha mikono kabla ya kula.

Pili, usikwangue rangi ya saa za zamani zinazong'aa gizani ili upate unga. Baadhi ya saa hizo zilipakwa radiamu, nayo ni sumu kali. Nchini Marekani, miaka ya 1920, wasichana waliofanya kazi ya kupaka rangi hiyo walikuwa wakichongoa brashi kwa midomo. Wengi waliugua mifupa na taya. Wengine walikufa. Unga wa strontiamu tuliousema hauna sumu ya namna hiyo.

Tatu, huenda ukaokota ufukweni vijiti vya plastiki vyenye maji ya rangi ndani. Vyombo vikubwa vya uvuvi hutumia vijiti hivyo. Ndani mna dawa mbili, zikichanganyika hung'aa usiku mmoja tu. Baadaye hutupwa. Katika pwani ya Bahia, nchini Brazili, watu walivipasua wakajipaka maji yale mwilini wakidhani ni mafuta. Hayo si mafuta wala si dawa. Usiyapake, na usimpe mtoto kijiti hicho kuchezea.

Nne, muulize afisa uvuvi wako kama kuna masharti juu ya uvuvi wa usiku mahali penu. Chambo kizuri hakimruhusu mtu kuvua pasiporuhusiwa.

MWISHO

Ndugu msomaji, baruti huua samaki na matumbawe wanamokaa. Mshipi huchukua samaki mmoja mmoja, na mwamba hubaki kwa ajili ya kesho. Lakini mvuvi wa mshipi atashawishika kuuacha mshipi wake kama haumlishi. Kwa hiyo kila ujuzi unaoongeza samaki kwenye mshipi, bila kuongeza gharama, ni ulinzi wa nyumba yake na wa bahari pia.

Someni habari hii pamoja darasani au ufukweni. Asiyejua kusoma bado, asomewe. Huenda yeye ndiye ajuaye kuchonga.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Samaki wa kwenu wanakula nini usiku? Mmejuaje?

2. Kwa nini chambo kisipakwe unga mwili mzima?

3. Kwa nini rangi nyeupe hutangulia, na vanishi tupu huja mwisho?

4. Katika jaribio, kwa nini vyambo vihamishwe kila usiku kutoka upande mmoja kwenda mwingine?

5. Mshipi wenye nuru umepata samaki 26, na usio na nuru umepata 25. Je, utanunua unga zaidi? Eleza sababu.